ELIMU KWA UMMA: WASTANI WA JOTO KATIKA NCHI ZA JOTO NA NAMNA YA KUULINGANISHA

Kila ifikapo miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, mazungumzo juu ya joto huwa mengi maofisini, barazani na masokoni. Wapo wanaosema kuwa Unguja na Pemba ni miongoni mwa pahala penye joto kali kabisa duniani. Wapo waliowahi kukaa Maskati au Riyadh ambao hucheka wakiisikia kauli hiyo. Na wapo wageni wanaotoka katika nchi hizo hizo za jangwa ambao, baada ya siku mbili za Februari hapa Visiwani, hulalamika kuwa hawapati usingizi. Kauli zote tatu zinaweza kuwa na ukweli ndani yake kwa wakati mmoja. Kinachozikosanisha ni kipimo ambacho kila msemaji anakitumia bila ya kukitaja.

Makala haya yamekusudiwa kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla maana ya wastani wa joto, jinsi unavyopatikana, na tahadhari zinazopaswa kuchukuliwa wakati wa kulinganisha wastani wa pahala pamoja na pengine. Jambo hili si la darasani peke yake. Wastani ukisomwa vibaya, skuli hujengwa kwa namna isiyowafaa wanafunzi, kazi za juani hupangwa katika saa zisizo zake, hujaji huondoka nyumbani bila ya matayarisho, na mkulima wa mwani hupoteza mavuno pasi na kuijua sababu.

1. JINSI WASTANI UNAVYOPATIKANA

Joto linalotajwa katika taarifa za hali ya hewa ni joto la hewa kivulini, wala si joto la juani. Kipimajoto huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zilizoachwa mianya ili hewa ipite na miale ya jua isiingie. Kisanduku hicho husimamishwa juu ya ardhi yenye majani, mahali pa wazi, na kipimajoto chenyewe huwa katika urefu wa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka chini. Umbo hilo la kisanduku lilibuniwa katika karne ya 19 na mhandisi wa Kiskochi, Thomas Stevenson, na limeenea dunia nzima kwa sababu moja: vipimo vinavyochukuliwa Zanzibar, Singapore na Maskati viweze kulinganishwa kwa haki. Mtu aliyekitundika kipimajoto chake ukutani palipo na jua, au aliyekisoma ndani ya gari iliyofungwa vioo, atapata namba kubwa. Lakini namba hiyo haina mwenziwe wa kulinganishwa naye.

Katika kila siku huchukuliwa vipimo viwili vikuu. Cha kwanza ni kiwango cha juu, ambacho mara nyingi hufikiwa baada ya adhuhuri, kati ya saa 8 na saa 9 mchana. Cha pili ni kiwango cha chini, ambacho aghalabu huonekana karibu na kuchomoza kwa jua. Kwa njia iliyozoeleka tangu zamani, viwango hivyo viwili hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, na jawabu huwa ndiyo wastani wa siku. Wastani wa siku zote za mwezi hutoa wastani wa mwezi, na wa miezi 12 hutoa wastani wa mwaka.

Mwaka mmoja, hata hivyo, hautoshi kuielezea hali ya nchi, kwani upo mwaka wa joto na upo mwaka wa afueni. Kwa ajili hiyo Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu wastani wa miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa ni cha kuanzia 1991 hadi 2020. Hivyo basi, anayetaja wastani wa mji mmoja kwa vipimo vya 1961 hadi 1990 na wa mji mwengine kwa vipimo vya miaka ya karibuni, atakuwa amelinganisha vitu visivyolingana.

Umuhimu wa kipimo sahihi unaonekana katika habari ya El Azizia, nchini Libya. Mnamo tarehe 13 Septemba, 1922 iliandikwa huko kuwa joto lilifika nyuzi 58.0 za Sentigredi, na kwa miaka 90 namba hiyo ikafundishwa kuwa ndiyo ya juu kabisa duniani. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta baada ya uchunguzi kuonesha kuwa, miongoni mwa kasoro nyengine, mpimaji hakuwa na uzoefu na kifaa chake, na kwamba huenda alikisoma kwa kuzidisha nyuzi zipatazo saba. Nafasi hiyo ilirejea kwa Death Valley, Marekani, iliyoandikiwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai, 1913.

2. WASTANI MMOJA, HALI MBILI

Msomaji achukue mfano wa siku moja katika pahala pawili. Katika kisiwa, mchana joto limefika nyuzi 31 na usiku limeshuka hadi nyuzi 24. Jumla ni 55, na wastani ni nyuzi 27.5. Katika mji wa jangwani, mchana joto limefika nyuzi 40 na alfajiri limeshuka hadi nyuzi 15. Jumla ni 55 vile vile, na wastani ni nyuzi 27.5. Katika karatasi miji hiyo ni sawasawa. Lakini mkaazi wa jangwani amejificha ndani mchana kutwa na usiku amejifunika blanketi, na mkaazi wa kisiwani hakuungua wala hakupata baridi.

Wavuvi wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Wakati wa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu, hujaa kidogo na kupwa kidogo. Usawa wa wastani wa bahari katika nyakati zote mbili hauachani sana. Hata hivyo hakuna nahodha anayeingiza chombo mlangoni mwa mwamba kwa kutegemea usawa wa wastani. Huuliza maji yamejaa kiasi gani na yatakupwa hadi wapi. Joto nalo lina kujaa na kupwa kwake, kwa siku na kwa mwaka, na wastani hautaji hata kimoja kati ya viwili hivyo.

3. ULINGANISHO WA MIJI MINANE

Namba zifuatazo ni za takriban, zimekaribishwa kwenye nyuzi kamili za Sentigredi. Namba ya kwanza ni wastani wa mwaka, ya pili ni wastani wa mwezi wenye joto dogo kabisa, na ya tatu ni wastani wa mwezi wenye joto kubwa kabisa.

Zanzibar: mwaka 27, mwezi wa chini 25, mwezi wa juu 28.
Singapore: mwaka 28, mwezi wa chini 27, mwezi wa juu 29.
Maskati: mwaka 29, mwezi wa chini 21, mwezi wa juu 35.
Salalah: mwaka 26, mwezi wa chini 23, mwezi wa juu 29.
Makka: mwaka 31, mwezi wa chini 24, mwezi wa juu 36.
Riyadh: mwaka 27, mwezi wa chini 15, mwezi wa juu 37.
Delhi: mwaka 25, mwezi wa chini 14, mwezi wa juu 33.
Nairobi: mwaka 19, mwezi wa chini 17, mwezi wa juu 20.

Anayesoma namba ya kwanza peke yake atasema kuwa Zanzibar na Riyadh ni ndugu, na kwamba Delhi ina afueni kuliko Zanzibar. Anayesoma namba zote tatu ataona kuwa tofauti kati ya mwezi wa chini na wa juu ni nyuzi zipatazo 3 Zanzibar, na ni nyuzi zipatazo 22 Riyadh. Mkaazi wa Riyadh anahitaji koti Januari, na katika mchana wa Julai huvumilia joto linalozidi nyuzi 40 siku baada ya siku. Mkaazi wa Delhi huwasha moto wa kujipasha Januari, na Mei na Juni hupigwa na pepo kavu za moto kabla mvua hazijafika. Nairobi nayo, ingawa iko karibu mno na ikweta kama ilivyo Singapore, ndiyo yenye joto dogo kuliko yote.

Jambo jengine la kuzingatiwa ni kuwa wastani hausemi lolote juu ya siku moja ya hatari. Singapore, mji ulio karibu mno na ikweta, haijawahi kuandika joto linalozidi nyuzi 37.0, kiwango kilichofikiwa mwaka 1983 na tena mwaka 2023. Lakini tarehe 19 Julai, 2022 kituo cha Heathrow kilichoko London, mji wa nchi ya baridi, kiliandika nyuzi 40.2. Mtu akiulizwa mji upi kati ya miwili hiyo ni wa joto, atajibu Singapore, na jawabu lake ni sahihi. Akiulizwa ni upi uliowahi kufikia joto la juu zaidi, jawabu ni London.

4. SABABU ZA TOFAUTI HIZO

Sababu ya kwanza ni bahari. Maji yanahitaji joto jingi zaidi kuliko mchanga au mawe ili yapande nyuzi moja, na yakishapata joto hilo huliachia polepole. Kwa hiyo bahari ni kama ghala: huhifadhi joto la mchana hadi usiku, na la kaskazi hadi kipupwe. Kisiwa kama Unguja, kilichozungukwa na bahari, si rahisi kupata joto la nyuzi 45 wala baridi ya nyuzi 5. Riyadh, iliyo mbali na bahari katikati ya Bara Arabu, haina ghala hilo. Jua likichomoza ardhi hupata moto upesi, na jua likitua huupoteza upesi.

Sababu ya pili ni mwinuko. Kila mtu anapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6, ingawa hesabu hii hubadilika kidogo kwa mujibu wa umbo la ardhi. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari; Mombasa iko ufukweni. Miji hiyo imo katika nchi moja, lakini wastani wao wa mwaka unaachana kwa nyuzi zipatazo 7 au 8. Unguja na Pemba hazina kilima kinachofika hata mita 150, na kwa hivyo mkaazi wake hana mlima wa kukimbilia joto linapozidi. Kimbilio lake ni kivuli na upepo.

Sababu ya tatu ni pepo na mikondo ya bahari, na mfano wake ulio bora uko Oman. Salalah na Maskati ni miji ya pwani ya nchi moja. Katika mwezi wa Julai wastani wa Maskati ni nyuzi zipatazo 34, na wa Salalah ni nyuzi zipatazo 26. Kinachoitofautisha Salalah ni upepo wa kusi, ule ule unaovuma hapa Visiwani kuanzia Aprili na ambao kwa karne nyingi ulivisukuma vyombo kutoka pwani hii kuelekea Arabuni. Ukifika pwani ya Dhofar, upepo huo huyasogeza maji ya juu ya bahari mbali na ufukwe, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji hayo hupoa, ikapanda milima ya Dhofar na kuifunika kwa ukungu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Msimu huo wenyeji huuita kharif. Hivyo wakati Maskati inaungua, milima ya Salalah huwa kijani kibichi, na watu wa Ghuba huenda huko kupunga hewa.

Mfano kama huo uko Peru. Mji wa Lima, ulio kwenye latitudo 12 kusini, upo ndani ya ukanda wa joto. Lakini mkondo wa Humboldt, unaoleta maji baridi kutoka kusini, umeufanya wastani wake wa mwaka uwe nyuzi zipatazo 20 tu.

5. UNYEVU WA HEWA NA JOTO LINALOHISIWA

Mpaka hapa ni joto la kipimajoto lililozungumzwa. Mwili wa binadamu, hata hivyo, haulisomi joto kama kipimajoto kinavyolisoma. Mwili hujipoza kwa jasho, na si jasho lenyewe linalopoza bali ni kule kukauka kwake. Hewa ikiwa kavu, jasho hukauka upesi na mwili hupata nafuu. Hewa ikiwa imeshiba mvuke wa maji, jasho hutiririka tu, nguo zikarowa, na joto likabakia mwilini. Hali hiyo ndiyo wananchi wanayoiita fukuto.

Wataalamu wametunga hesabu ya kuunganisha joto na unyevu ili kupata joto linalohisiwa. Kwa hesabu hiyo, joto la nyuzi 32 lenye unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama nyuzi 33. Joto hilo hilo la nyuzi 32 likiwa na unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzi zipatazo 41. Mchana wa Februari hapa Visiwani joto hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa hewa ni mkubwa karibu mwaka mzima. Hapo ndipo lilipo jawabu la mgeni wa Riyadh. Mgeni huyo hakudeka. Ametoka katika joto kubwa lililo kavu na kuingia katika joto dogo lililo bichi.

Pahala penye hatari zaidi ni pale vitu viwili hivyo vinapokutana, yaani joto kubwa la jangwa na unyevu wa bahari. Hali hiyo hupatikana katika pwani za Ghuba na za Oman wakati wa kiangazi cha huko. Mnamo Juni 2018 katika mji wa Quriyat, kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa usiku mzima. Usiku kama huo ni mzito kwa wazee na wagonjwa kuliko mchana, kwani moyo uliofanya kazi kutwa kuupoza mwili haupati saa ya kupumzika. Ndiyo maana anayelinganisha joto la pahala pawili kwa ajili ya afya za watu hana budi kuuliza juu ya usiku.

6. WASTANI UNAPOPANDA

Kwa kuwa nyuzi moja huonekana kuwa kitu kidogo, baadhi ya watu hushangaa wanaposikia wataalamu wakihofia kupanda kwa wastani wa dunia kwa nyuzi moja na nusu. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyotangulia tangu vipimo vya dunia vianze kukusanywa. Wastani wake ulizidi ule wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi zipatazo 1.55. Nyuzi hizo hazikugawiwa sawa kwa kila siku na kila pahala. Wastani ukisogea kidogo, siku za joto kali zilizokuwa nadra huwa za kawaida, na siku ambazo hazikuwahi kuonekana huanza kuonekana.

Visiwa vya joto huathirika upesi kwa sababu viumbe vyake vimezoea mabadiliko madogo. Matumbawe ni mfano. Maji yakizidi kwa nyuzi moja juu ya joto lililozoeleka katika mwezi wa joto kabisa, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka, na yasipopata nafuu hufa. Mwaka 1998, baada ya El Niño ya 1997, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yalikufa kwa namna hiyo, yakiwemo ya pwani ya Tanzania. Pasipo matumbawe hai, samaki hupungua na mawimbi huufikia ufukwe bila ya kizuizi.

Mwani nao ni mfano ulio karibu zaidi na mifuko ya wananchi. Kilimo cha kibiashara cha mwani kilianza hapa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na walio wengi katika kilimo hicho ni wanawake. Aina inayoitwa cottonii huuzwa kwa bei kubwa kuliko spinosum, lakini haistahamili maji yaliyopata moto. Katika maji madogo ya karibu na pwani cottonii imekuwa ikishambuliwa na maradhi na kufa, na wakulima wengi wamebakia na spinosum ya bei ndogo. Ndiyo sababu ya juhudi za kuhamishia mashamba katika maji ya kina kikubwa zaidi, ambako joto halipandi sana wakati wa kupwa kwa jua kali. Kwa mkulima huyo, nyuzi mbili za joto ni ada ya skuli ya mtoto.

7. MAFUNZO KWA VITENDO

(a) Katika uandishi wa ripoti. Mtumishi anayetaja joto katika ripoti, andiko la mradi au barua aeleze mambo manne: kituo kilichopima, kipindi cha miaka kilichohesabiwa, viwango vya juu na vya chini pamoja na wastani, na unyevu wa hewa. Takwimu za hali ya hewa zinapatikana kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kupima na kutoa taarifa hizo.

(b) Katika majengo. Ramani ya nyumba inayofaa jangwani si lazima ifae kisiwani, hata ikiwa wastani wa mwaka ni mmoja. Jangwani, ukuta mnene na dirisha dogo huzuia moto wa mchana na kuhifadhi ubaridi wa usiku. Hapa Visiwani usiku hauna ubaridi mwingi wa kuhifadhiwa. Nyumba huhitaji upepo upite kutoka upande hadi upande. Wajenzi wa Mji Mkongwe waliunganisha yote mawili: kuta nene za mawe na chokaa kwa ajili ya mchana, na dari za juu, madirisha marefu, nyua za ndani na varanda kwa ajili ya hewa. Darasa lenye bati tupu lisilo na dari, na madirisha ya upande mmoja, halipati faida ya kuta wala ya upepo.

(c) Katika kazi. Kazi nzito za juani, kama ujenzi, uchimbaji wa mitaro na ubebaji wa mizigo bandarini, zikiwezekana zifanywe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni katika miezi ya kaskazi. Mfanyakazi anywe maji kidogo kidogo kabla hajaona kiu. Mtu anayefanya kazi juani akianza kuumwa na kichwa, kuona kizunguzungu, kutapika au kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa. Akipoteza fahamu au akiendelea kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, wala asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

(d) Katika safari ya Hija. Wapo mahujaji wanaosema kuwa waliozaliwa katika joto hawahofii joto la Makka. Ulinganisho uliotolewa hapo juu unaonesha kuwa kauli hiyo si sahihi. Katika Hija ya mwaka 1445 Hijria, sawa na Juni 2024, joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, na Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301. Zaidi ya asilimia 80 ya waliofariki hawakuwa na vibali, na wengi wao walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala pahala pa kupumzikia. Mwili uliozoea nyuzi 32 haujazoea nyuzi 50. Hujaji, khasa mzee au mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au sukari, amuone daktari kabla ya safari, achukue mwavuli na chombo cha maji, na asiifanye safari hiyo kwa njia ya magendo. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku zipatazo 11, Hija inazidi kutangulia, na kabla ya kumalizika kwa miaka ya 2030 itaangukia mwezi wa Januari, ambao wastani wake Makka ni nyuzi zipatazo 24. Hata hivyo hali ya mwezi haimwondolei mtu wajibu wa kujitayarisha.

8. MASUALA YA KUJIPIMA

Suala la kwanza. Katika siku moja kituo kimeandika nyuzi 33 mchana na nyuzi 25 alfajiri. Wastani wa siku hiyo ni upi? Jawabu: nyuzi 29.

Suala la pili. Mji wa kwanza una wastani wa mwaka wa nyuzi 27 na mji wa pili una wastani huo huo. Je, mtu anayehamia kutoka mji mmoja kwenda mwengine hana haja ya kubadilisha nguo wala nyumba? Jawabu: haiwezekani kujua mpaka itajwe miezi ya juu na ya chini, mchana na usiku, na unyevu wa hewa.

Suala la tatu. Mwananchi amesoma kipimajoto cha gari yake iliyokuwa juani, kikaonesha nyuzi 44, akasema kuwa Unguja leo ina joto kuliko Khartoum iliyotangazwa kuwa na nyuzi 41. Amekosea wapi? Jawabu: amelinganisha joto la ndani ya gari iliyo juani na joto la hewa kivulini.

Walimu wa skuli, masheha na viongozi wa vikundi vya wakulima wa mwani wanaombwa kuyasoma makala haya pamoja na wanafunzi na wananchi wao kabla ya kuingia kwa kaskazi, na kuyabandika katika mbao za matangazo.